Bayana ya Ila katika Kuuza Motokari Iliyokwisha Tumika

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Katika nchi ya Shinyanga na Geita, tangu Kahama hatta Katoro na Nyarugusu, riziki ya watu wengi imo chini ya ardhi. Almasi ya Mwadui ilivumbuliwa mwaka 1940. Na dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1966, kisha mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2000. Na kandokando ya migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, washukao katika maduara kwa kamba na kutoka na mawe yapelekwayo kwenye makarasha. Mali ya namna hii ina tabia yake. Haiji kwa mwezi kama mshahara, wala kwa msimu kama pamba. Hukaa siku nyingi haionekani, kisha huja yote kwa mara moja, na mwenyewe kabla hajalala huwa amekwisha kuzungukwa na watu wenye kitu cha kumwuzia. Na katika vitu auziwavyo kijana aliyepata dhahabu, kimoja kipendwacho sana ni motokari ya mbio, iliyotumika kwanza Japani, ikaletwa kwa meli hatta Dar es Salaam, kisha ikapandishwa bara na kusimamishwa katika yadi ya mfanya biashara, imeoshwa yang'aa.

Watu hudhani ya kuwa biashara hii haina la kuulizwa katika dini: bidhaa ni halali, bei yajulikana, wawili wameridhiana, na kadi imebadilishwa jina. Lakini ndani yake imo mas-ala ambayo wanavyuoni waliishughulikia kabla ya injini kujulikana duniani. Mwenye kuuza aijua ila iliyomo, na mwenye kununua hakuuliza. Je, kunyamaza kwa muuzaji ni haki yake au ni ghushi? Na mnunuzi aliyedanganywa na macho yake mwenyewe, ana la kudai?

Kwanza iondoke shaka moja. Wapo wasemao ya kuwa motokari ya mbio ni israfu tangu asili yake, na kwa hivyo aliyedanganywa katika kununua israfu asisikilizwe. Maneno haya hayakupimwa. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nahl amewataja farasi na nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na kuwa ni pambo, na akaashiria kuwa huumba na wasivyovijua watu. Basi kipando hakiwi haramu kwa kuwa ni pambo. Na Mtume S.A.W. aliwashindanisha farasi: waliokondeshwa kwa ajili ya mbio walipigishwa mbio kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wasiokondeshwa wakapewa masafa mafupi zaidi, mpaka msikiti wa Bani Zuraiq. Kupenda chombo chepesi si dhambi. Dhambi huingia mtu anapoliacha la wajibu kwa ajili ya lisilokuwa wajibu. Dhahabu itokayo katika maadini, ikifika nisabu ya mithqali 20, nayo ni kadiri ya gramu 85, ina zaka ya sehemu moja katika 40 inapokwisha kusafishwa, wala haingojewi mwaka, kwa kauli yenye nguvu katika madh-habi ya Imamu Shafii. Haki ya mwenzake wa duara hutangulia, na chakula cha watoto hutangulia. Akiisha kuyatimiza hayo, gari ni lake. Na hatta akiwa mfujaji, ufujaji wake haumhalalishii mtu mwingine kumwibia.

Asili ya mlango huu ni khabari iliyopokewa na Imamu Muslim kwa Abu Huraira R.A., ya kuwa Mtume S.A.W. alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Akamwuliza mwenye nafaka ni nini hiki, naye akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu wapate kuiona, kisha akabainisha ya kuwa mwenye kughushi si katika wao. Na izingatiwe hapa ya kuwa yule mtu hakusema uwongo wo wote. Hakuulizwa akakana. Mvua haikuwa kosa lake. Kosa lake lilikuwa ni mpango wa chungu: kavu juu, na mbichi chini.

Basi na itazamwe chungu ya mwenye yadi. Motokari kama Subaru Impreza ya namna ya WRX, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1992, ina chombo kiitwacho turbo cha kuisukumizia hewa injini, na mhimili wa chombo hicho huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Mwenye gari akiiacha oili ichafuke au ipunguke, mhimili hulika, na injini huanza kutoa moshi na mlio. Kuitengeneza ni gharama kubwa. Lakini ipo njia ya fedha kidogo: hutiwa oili nzito kuliko ipasayo, mlio hupungua na moshi hupoa kwa siku chache, taa ya onyo iliyomo mbele ya dereva huzimwa, na hesabu ya kilomita hurudishwa nyuma. Mnunuzi huiwasha, huisikia imetulia, huona kilomita chache, hulipa.

Imamu Nawawi katika kitabu chake Minhaj aliitaja sura hii hasa, illa kwa bidhaa za zama zake. Alianza na mnyama aliyefungwa chuchu, asikamuliwe siku kadhaa, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kuwa ana maziwa mengi. Jambo hilo Mtume S.A.W. amelikataza, na akampa mnunuzi khiyari ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Kisha akaambatanisha nalo maji ya mfereji au ya kinu, yaliyozuiwa na mwenyewe kisha yakafunguliwa saa ya kuuza, kinu kikazunguka kwa nguvu isiyokuwa yake. Hilo nalo lampa mnunuzi haki ya kurudisha. Basi oili nzito ni maji yaliyozuiwa ya kinu, na kilomita zilizorudishwa ni kiwele kilichofungwa. Wala haihitaji mtu kuwa mujtahidi kuona kufanana kwake, kwa sababu kila moja ni tendo la muuzaji mwenyewe, lililofanywa ili bidhaa ionekane kwa saa moja kuwa ni kitu kisichokuwa.

Na ila yenyewe ni nini? Wanavyuoni wameiweka kuwa ni kila kipunguzacho mwili wa kitu au thamani yake hatta likapotea kusudio la sawa, ikiwa desturi ya kitu cha jinsi hiyo ni kusalimika nalo. Maneno haya ya mwisho yana faida kwa mwenye yadi pia. Gari iliyokwisha tumika haikosi mikwaruzo, wala viti vyake havikosi kuchakaa. Hayo si ila, kwa kuwa ndiyo hali ya jinsi yake, na mnunuzi hawezi kuyarudishia. Ama gari iliyopinduka Japani, ikakatwa na kuungwa chesesi, na mnada wa huko ukaiandikia herufi R katika karatasi yake kuwa imetengenezwa baada ya ajali, kisha karatasi ile ikafichwa katika mtoto wa meza, hiyo ni ila isiyo na shaka. Na hapa mas-ala hutoka katika mali na kuingia katika roho. Chombo kiwezacho kupita kilomita 200 kwa saa, kikiwa na kiungo kilichoungwa vibaya, kitapita vijijini ambako sheria yaamrisha 50, penye watoto watokao chuoni na kina mama wenye ndoo za maji. Aliyenyamaza yadini hajui ni nani atakayekuwa kando ya njia siku hiyo.

Sasa inakuja sura iliyo ngumu zaidi, ambayo mwenye yadi huitegemea. Zaid, kama desturi ya vitabu vya fiqhi kuwapa watu majina, ana Impreza ya kawaida yenye injini ndogo isiyo na turbo. Akanunua boneti yenye tundu la kuingizia hewa, na bawa la nyuma, na alama za WRX, akavitia vyote. Tundu lile katika gari ya asili lina kazi: hewa hupita hapo kwenda kupoza chombo kilicho juu ya injini. Katika gari ya Zaid tundu halielekei po pote. Amri, aliyetoka Katoro na fedha za dhahabu, akaliona, akalipenda, akalipa bei ya gari ya mbio. Zaid hakusema neno. Hakusema ni WRX, wala hakusema si WRX.

Nawawi amelitaja na hili. Baada ya kinu alitaja mtumwa aliyepakwa wino nguoni ili mnunuzi adhani kuwa ni mwandishi, kwa kuwa zama zile watu waliuzwa, na biashara hiyo imekwisha kwa hamdu ya Mwenyezi Mungu, lakini hoja yake imebaki. Akasema ya kuwa kwa kauli iliyo sahihi zaidi, mnunuzi huyo hana khiyari ya kurudisha. Kwa nini? Kwa sababu wino nguoni ni dalili dhaifu: huenda mtu akavaa nguo ya mwenziwe, au akamwagikiwa. Lau angalimpa kalamu akamwambia andika, angalijua kwa dakika moja. Uzembe ni wake. Na kwa njia hiyo wakasema katika aliyenunua kipande cha kioo kwa bei kubwa akidhani kuwa ni johari: hana la kurudishia, na watu wa Mwadui hawahitaji kufasiriwa mfano huu.

Basi alama za Zaid ni wino. Amri angalifungua boneti angaliona hakuna turbo. Angalitazama herufi za mwanzo za namba ya chesesi, kwani katika zile zilizotengenezwa baina ya 2000 na 2007 gari ya mbio huandikwa GDA au GDB, na ya injini ndogo huandikwa GD2 au GD3, angalijua pasi na fundi. Na ajabu ni kuwa Amri huyu, akiletewa dhahabu, haichukui kwa rangi yake. Huipiga kwenye jiwe la kupimia, huitia moto, huiweka katika mizani, na humtazama muuzaji usoni. Ujuzi wa kutoamini kitu king'aacho anao. Siku ya gari aliuacha nyumbani.

Ipo kauli ya pili katika madh-habi, yenye kumpa Amri khiyari, na mwenye kuitazama hali ya leo huiona ina uzito. Lakini na ichukuliwe kauli ya kwanza, iliyo kali juu yake. Je, Zaid ametoka salama? Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuchanganya mambo mawili: kukosa mnunuzi haki ya kurudisha, na kuwa halali tendo la muuzaji. Kadhi hamrudishii Amri fedha zake kwa kuwa Amri hakulinda mlango wake. Hilo halimfanyi aliyeingia kuwa si mwizi. Kupaka wino kwa kusudi la kudanganya ni haramu hatta katika sura isiyokuwa na khiyari. Sheria ya soko hutazama mnunuzi angaliweza kujua nini. Dhamiri huulizwa muuzaji alijua nini. Na mizani hizi mbili hazilingani daima, na nafasi iliyo baina yao ndiyo mahali wanapotajirika watu wenye kusifiwa kwa ujanja wa biashara.

Na mambo yangalikuwa mengine kabisa lau Amri angalisema neno moja: nanunua kwa shuruti ya kuwa hii ni WRX yenye turbo. Nawawi huyo huyo asema, aliyenunua mtumwa kwa shuruti ya kuwa ni mwandishi, kisha akatokea kuwa siye, basi ana khiyari. Wino ule ule, mtumwa yule yule. Lililogeuza hukumu ni neno lililotamkwa. Kwa hivyo yapasa mnunuzi aseme kwa kinywa analolitaka, na bora liandikwe katika hati ya mauzo mbele ya mashahidi: jinsi ya injini, namba ya chesesi, kilomita, na kuwa haikupata ajali. Muuzaji mwenye kusita kuyaandika amekwisha kujibu.

Wenye yadi wengine hujikinga kwa kauli ya kuwa gari yauzwa kama ilivyo, na likishatoka getini halirudi. Mas-ala haya yalimpata Abdullahi bin Umar R.A., na Imamu Malik ameyapokea. Alimwuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa shuruti ya kuepukana na ila zote. Mnunuzi akaja akasema ana ugonjwa ambao hukunitajia. Wakaenda kwa Sayyidna Uthman, naye akahukumu Ibnu Umar aape ya kuwa alimwuza naye haujui ugonjwa wo wote kwake. Ibnu Umar akakataa kuapa, akampokea mtumwa wake. Kisha akapona kwake, akamwuza kwa dirhamu 1,500. Kutoka hapo Mashafii wakasema: shuruti hiyo humwepusha muuzaji na ila ya ndani ya mnyama asiyoijua, basi, si ya nje, si aliyoijua, wala si ya kitu kisichokuwa mnyama. Sababu yao ni kuwa mnyama hula katika afya na katika maradhi, hali yake hugeuka, na ni shida kuijua ndani yake. Akitokea mtu kusema kuwa injini nayo ina yaliyofichika kama tumbo la ngamia, akaikisia, hoja yake isikilizwe. Lakini haitamfikisha mbali, kwa kuwa msamaha wenyewe ni wa asiyejua. Mwenye yadi aliyetia oili nzito kwa mkono wake hawezi kuapa alichokataa kuapa Ibnu Umar.

Na si muuzaji peke yake. Amri mara nyingine huja na fundi wa kumkagulia, naye fundi hupewa kitu pembeni ili asione. Au fundi yumo yadini, hakuitwa, naye aijua gari ile kwa kuwa aliifungua jana. Wathila bin Asqaa R.A. alisimama mahali mtu akiuza ngamia kwa dirhamu 300; alipozinduka mnunuzi alikuwa amekwisha kwenda naye. Akamkimbilia nyuma akipiga kelele, akamwuliza amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Akasema kwa kupanda. Akamwambia ana tundu katika ukwato wake, hatastahimili safari. Mnunuzi akarudi, muuzaji akapunguza dirhamu 100, na akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Wathila akajibu ya kuwa walimpa Mtume ahadi ya kumnasihi kila Mwislamu, na ya kuwa alimsikia akisema si halali kwa anayeijua ila kunyamaza, hatta asiyekuwa muuzaji. Tena tazama swali lake lilivyo la fundi: tundu la ukwato si kitu kwa mwenye kutaka nyama. Gari yenye turbo iliyolika yaweza kuwafaa wenye kununua vipuri. Humwua mwenye kununua mbio.

Wapo wadhanio ya kuwa wajibu huu ni baina ya Waislamu tu, kwa kuwa Hadithi zimewataja, na kwamba katika nchi ambayo wanunuzi wengi si wa dini hii muuzaji yu huru. Dhana hiyo ni mbaya, na madhara yake kwa Waislamu walio wachache huku bara ni makubwa. Wanavyuoni walio wengi wamesema kutajwa Mwislamu ni kwa kuwa ndiye aliyekuwa akikutwa zaidi sokoni, wala si kumtoa mwingine. Ghushi ni ghushi, awe aliyeghushiwa ni Msukuma wa kanisani au mtoto wa Sheikh.

Amri naye akiisha kuijua ila, ana wajibu wake. Khiyari ya ila ni ya papo hapo. Akiendelea kuipigisha gari mbio wiki nzima huku akinung'unika, ameridhia, na haki imemponyoka; masharti yake ni aache kuitumia. Wanavyuoni wamemsamehe aliyempanda mnyama mkaidi asiyeweza kuswagwa wala kuvutwa, na gari isiyokuwa na wa kuivuta yafanana naye: aiendeshe kuelekea yadini, si kuelekea harusini. Na lililo jepesi kuliko yote ni khiyari ya shuruti, ambayo mwisho wake ni siku 3, nayo imepokewa katika khabari ya Habban bin Munqidh, aliyekuwa akidanganywa sokoni kwa sababu ya jeraha la kichwa. Mtume akamfundisha kusema kila anunuapo kuwa pasiwe na hadaa. Siku 3 zatosha kwa fundi asiyejuana na yadi kuifungua injini.

Limebaki la Zaid akitubu. Bei ni yake kwa kauli iliyochukuliwa, na Amri hana la kudai mbele ya kadhi. Je, atubu kwa ulimi na fedha zikae mfukoni? Ikiwa alilolificha ni boneti na bawa tu, basi amwendee, ambainishie, na amwombe radhi, na kumpunguzia bei ndiko kuliko karibu na usalama wake. Ikiwa alilolificha ni chesesi iliyoungwa, haimtoshi hilo. Yampasa amjulishe aliye na gari leo, ajapokuwa ni wa tatu au wa nne tangu kuuzwa kwake, kwa kuwa hatari haikukoma kwa Amri. Wauza ngamia wa zamani waliweza kusema ya kuwa mnyama amepotea na msafara, hajulikani aliko. Zaid hana udhuru huo. Gari ina namba, namba imo katika kadi, na kadi ina jina la mwenyewe.

Wallahu aalam.